Programu nzuri ya mtandao, maelezo hewa, jina ndio balaa kabisa

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Jana usiku natafuta programu huria ya BGP, kitu cha kuongea na ruta za jirani na kupeana njia. Nikaangukia mradi mmoja (jina silitaji) wenye nyota kibao. Maelezo yake pale juu: "suluhisho la kisasa, jepesi na madhubuti la mtandao". Haya, hicho ni kitu gani? Ruta? Fayawoli? VPN? Maneno manane na hakuna hata moja lililoniambia kinafanya nini!

Nikajikaza nikainstoli. Saa mbili nzima nahangaika na faili la mipangilio. Nikapiga amri ya ss -tlnp nione kama kuna kinachosikiliza poti 179, ile ya BGP. Patupu. Kushuka hadi chini ya README, lile faili la maelezo ya mradi, baada ya leseni, ndipo nakuta kamstari: inachambua faili za MRT (kumbukumbu za taarifa za BGP) zilizokwisha hifadhiwa. Yaani haiongei na ruta yoyote! Kamstari hako kangekaa juu, ningekuwa nimelala zamani.

Jina sasa. Neno la kawaida la Kiingereza, herufi nne. Ukitafuta hitilafu yake unaletewa matangazo ya viatu. Pakeji ina jina jingine, kwa sababu hilo lilishachukuliwa. Amri ina jina la tatu. Ukiomba msaada hujui hata useme unalalamikia nini.

Na msiniambie kukipa kitu jina ni kazi ngumu. Kulikuwa na Zebra, programu ya kuelekeza njia za mtandao ya Kunihiro Ishiguro. Walioiendeleza wakaiita Quagga, yule punda milia aliyekwisha kutoweka, na ukoo ukaonekana humo humo kwenye jina. Quagga nayo ilipozorota, 2017 ikazaa FRRouting, ambayo kazi yake imo ndani ya jina. BIRD, nayo ya kazi hiyo hiyo, sawa, ukilitafuta jina peke yake utaletewa ndege, lakini kirefu chake ni BIRD Internet Routing Daemon, umemaliza. Ethereal, programu ya kunasa na kuchambua pakiti za mtandao, ilibidi ibadilishwe jina 2006 kwa sababu ya alama ya biashara, wakaja na Wireshark, neno ambalo ukilitafuta hupati kingine. Hao walilazimishwa na bado wakapata jina zuri kuliko hawa waliokuwa na uhuru wote.

Najua kuna atakayekuja na "ni bure, kama hutaki andika yako". Ndugu, sijalalamikia msimbo. Msimbo wao ni safi, nimeusoma, ile sehemu ya kuchambua AS_PATH (orodha ya mitandao ambayo njia inapitia) imeandikwa na mtu anayejua kazi. Ndiyo maana naumia.

Asubuhi nikawatumia pendekezo, sentensi moja tu ya kuweka juu: "Inasoma faili za MRT na kuonyesha mabadiliko ya njia za BGP, si ruta." Limefungwa ndani ya dakika kumi. Sababu? Eti halina mvuto.