Je, ni ukali juu ya uhamiaji uliowakimbiza wapigakura wa kati wa Conservative?

Swali

Ndugu zangu, katika uchaguzi mkuu wa Uingereza wa Julai 2024 chama cha Conservative kilishuka hadi viti 121, kutoka viti 365 kilivyopata mwaka 2019, ingawa kwa miaka miwili kilikuwa kimeunadi mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda. Wapo wanaodai kuwa ukali huo ndio uliowakimbiza wapigakura wa msimamo wa kati. Mimi nina shaka, kwa sababu majirani zangu waliokuwa wakikipigia kura walilalamikia zaidi riba ya mikopo ya nyumba na foleni za hospitali. Je, suala la uhamiaji lina uzito gani kwa watu wa aina hiyo?

Jibu la kwanza

Uzito upo, ila mpigakura wa kati hachukizwi na ukali wenyewe kama anavyochukizwa na ukali usiozaa kitu. Mpango huo ulitangazwa Aprili 2022, Mahakama ya Juu ikauona kuwa si halali Novemba 2023, na mpaka serikali mpya inaufuta, waliokwenda Kigali walikuwa watu wanne tu, tena kwa hiari yao, ilhali Rwanda ilikwisha kulipwa pauni milioni 290. Wakati huohuo, idadi ya walioingia nchini kwa mwaka, ukitoa waliohama, ilifikia zaidi ya 900,000, wengi wao wakiwa na viza ambazo serikali hiyohiyo ilizitoa. Aliyetaka idadi ipungue alihamia Reform UK, chama kinachopinga uhamiaji mkubwa, na aliyechoshwa na vurugu alihamia Liberal Democrats, chama cha msimamo wa kati, waliotwaa hata Maidenhead, lililokuwa jimbo la waziri mkuu wa zamani wa Conservative, Theresa May.

Jibu la pili

Nakubaliana nawe kwa sehemu, lakini usisahau mfumo wa uchaguzi. Nchini Denmark, chama cha mrengo wa kushoto cha Social Democrats, kikiongozwa na Mette Frederiksen, kilikaza msimamo wake juu ya uhamiaji kabla ya uchaguzi wa 2019, na Danish People's Party, chama kinachopinga uhamiaji, ikaporomoka kutoka asilimia 21 hadi chini ya 9. Wengi huishia hapo wanaposimulia. Kura za Social Democrats wenyewe hazikuongezeka. Vilivyokua ni vyama vidogo vya mrengo wao ambavyo havikuupenda ukali huo, na kwa kuwa viti hugawanywa kwa uwiano wa kura, waliokimbilia huko walimsaidia Frederiksen kuwa waziri mkuu. Uingereza, ambako kiti cha jimbo huenda kwa mwenye kura nyingi zaidi, mpigakura wa kati akihama, jimbo zima huweza kwenda kwa mpinzani. Labour, chama kilichoshinda uchaguzi wa 2024 na ambacho sasa kinaiga sheria za Denmark, kingepaswa kulipima hilo kwanza.

Jibu la tatu

Niongeze jambo moja. Sisi Wakenya, Watanzania na Waganda tunaoishi hapa Uingereza kihalali tuna haki ya kupiga kura kwa kuwa nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola, lakini aliyenifungua macho ni Mwingereza ninayefanya naye kazi, mtu wa Conservative tangu ujana wake. Aprili 2024 kima cha mapato kwa anayetaka kumleta mwenzi wake kilipandishwa kutoka pauni 18,600 hadi 29,000, na binti yake, aliyeolewa ng'ambo, hakukifikia. Mzee huyo aliwapigia Liberal Democrats kwa mara ya kwanza, na hadi leo anashikilia kuwa mashua zinazoleta wahamiaji kutoka Ufaransa zizuiwe.