Unatuma marekebisho, wanakupiga danadana, kisha wanayaingiza kwa jina lao

Wakuu, leo nafoka, mnivumilie.

Kuna maktaba moja ya programu huria (kodi iliyo wazi, yeyote anaitumia na kuichangia) ya kukagua namba za simu, jina silitaji. Ofisini tunaitumia kwenye fomu ya kusajili wateja. Wenye namba za 062 wakawa wanakataliwa, eti namba si sahihi. Nikafungua kodi, nikakuta orodha ya Tanzania ni ya zamani, 62 haimo kabisa. Nikarekebisha mstari mmoja, nikaandika na majaribio yake: +25562 ipite, yenye tarakimu pungufu igome. Nikatuma ombi la kuunganisha, yaani waingize marekebisho yangu kwenye kodi yao.

Kimya.

Kwa kuwa ni mara yangu ya kwanza kuchangia pale, hata majaribio ya mashine hayaendeshwi mpaka mmoja wao abonyeze kuruhusu. Hakuna aliyebonyeza. Nikakumbusha kwa adabu zote, "samahani kwa usumbufu". Mwisho akaibuka mmoja, na kuhusu 062 hakusema neno. Shida yake alama za kunukuu: nimetumia za vijiti viwili, wao wanataka za kimoja. Nikabadilisha. Ujumbe wa komiti (badiliko la kodi lililohifadhiwa na maelezo yake) uanze na herufi ndogo. Nikabadilisha. Tawi kuu, yaani kodi yao rasmi, limesogea, rudi ukaunganishe upya. Nikarudi. Majaribio ya Windows ni mekundu. Jamani, yalikuwa mekundu hata kabla sijaujua huo mradi! Na hayo niyarekebishe mimi? Hizo alama za kunukuu kuna programu inazipanga zote kwa sekunde, mtu mzima unanizungusha nazo za nini?

Kisha likaja roboti: ombi hili halina shughuli, linafungwa. Halina shughuli vipi wakati wa mwisho kuandika ni mimi, nasubiri jibu lao?

Kilichonitoa povu sasa. Toleo jipya limetoka, 62 imo. Nachungulia historia: mstari ni uleule, na namba za mfano kwenye majaribio ni zilezile nilizozitunga mimi kichwani. Mwandishi? Mtunzaji wa mradi. Git, programu inayotunza historia ya kodi, inaweka mwandishi wa komiti mbali na aliyeiingiza, kazi hiyo inafanywa na programu yenyewe, hailipiwi. Na kama umeongeza chako, kuna mstari wa Co-authored-by, wa kumtaja mliyeandika naye. Unamgharimu nini mtu?

Najua mtakachosema. "Wanajitolea, hawalipwi." Kwani mimi nililipwa na nani, bando nililonunua? "Tangu yale ya xz, ile programu ya kubana mafaili, lazima wawe makini." Sawa, ile ya 2024 ilitisha. Lakini aliyepenyeza mlango wa siri kwenye xz 5.6.0 alikuwa tayari mtunzaji mwenye funguo zake, si mgeni aliyeleta mstari mmoja na majaribio yake. Umakini ni kuisoma kodi ya mtu. Kuifungia nje halafu kuinakili, huo ni umakini wa wapi?

Watu wa kerneli ya Linux, kile kiini cha mfumo wenyewe, tunawacheka kwa kutumiana pachi (mabadiliko ya kodi) kwa barua pepe mpaka leo. Ila pale kuna faili la MAINTAINERS lenye orodha ya watunzaji, na skripti ya get_maintainer.pl inakutajia pachi yako inamhusu nani. Tangu 2004 anayeleta pachi anaweka Signed-off-by yake, mstari wa jina lake kama sahihi, na kila anayeipokea na kuipitisha anaongeza ya kwake chini. Wanaweza kukujibu kwa ukali ukajuta, lakini unajua umemtumia nani, na jina lako halifutiki njiani.

Hawa wangu kwenye ukurasa wa mbele wameandika "michango inakaribishwa". Kama hamtaki, andikeni hamtaki siku ya kwanza, nitengeneze nakala yangu niendelee na kazi.

Niliuliza chini ya ile komiti, kwa ustaarabu tu, kwamba jina langu liongezwe kwenye orodha ya wachangiaji. Mazungumzo yamefungwa, siwezi kuandika tena. Aliyewahi kufanyiwa hivi akapata haki yake aje aseme alipitia wapi.