Samli ya mama inatosha vitamini D?

Niko Leicester, Uingereza, mwaka wa pili. Daktari kasema vitamini D yangu iko chini. Mama kanitumia chupa ya samli kutoka Pemba, naiweka kwenye wali kila siku. Si inatosha?

Jibu: Samli tamu, ila vitamini D yake kiduchu. Kwetu ulikuwa unaipata juani, dada. Hapa Oktoba hadi Machi jua halifai hata kwa wazungu, sembuse ngozi yetu.

Jibu: Mafuta ya ini la samaki! Kijiko cha chai ni mikrogramu 10 hivi. Mie nameza nimeziba pua. Mjamzito asiguse, yana vitamini A nyingi.

Muulizaji: Uwiii, mimba yangu miezi mitano! Basi vidonge vya D tupu. Samli ibaki ya chapati.