Jiko dogo na sehemu ya kusomea, Moshi: nibomoe ukuta, nipige patisheni, au jiko litoke nje?

Mwalimu_Njoro, Jumamosi, saa 3:10 usiku

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu. Fundi anataka kuanza kazi wiki mbili zijazo na mimi bado sijaamua.

Nyumba ni ya marehemu baba, tofali za inchi sita, ipo Njoro. Mwaka huu nimepata uwezo wa kukarabati upande wa nyuma tu. Kuna jiko la mita 2.4 kwa 2.9, na stoo imepakana nalo, 2.4 kwa 1.55. Ukijumlisha na ukuta wa katikati ni kipande cha mita 2.4 kwa 4.6, basi. Nyuma yake kuna kibaraza cha upana wa mita 1.8, kina bati lakini hakijazungushiwa.

Tupo wanne: mimi, mama yangu wa miaka 71, kijana wa kidato cha tatu na binti wa darasa la tano. Nafundisha sekondari. Nikirudi na madaftari 90 nasahihishia kwenye meza ya chakula, na kijana naye anasomea hapo hapo huku runinga inawaka. Mwakani ana mtihani wa taifa. Nataka apate mahali.

Nina njia tatu kichwani. Ya kwanza ni kubomoa ukuta wa katikati, jiko lianzie huku na meza ya kusomea iwe kule mwisho, kaunta moja ndefu ikiunganisha. Ya pili, stoo iwe chumba cha kusomea: niuache ukuta, au niutoe nipige patisheni ya mbao yenye kioo juu. Ya tatu, jiko lote lihamie kibarazani, nizungushie tofali, halafu jiko la sasa liwe chumba cha kusomea cha watu wawili. Hii ya mwisho ndiyo ghali kuliko zote.

Ningependa kumsikia aliyeishi na mojawapo, siyo aliyeiona kwenye picha.

Seremala_Majengo, Jumamosi, saa 4:02 usiku

Mwalimu, hongera kwa kuanza. Kabla ya yote panda darini na tochi uangalie kenchi, yaani zile mbao zinazobeba bati. Kama zimelala juu ya ukuta huo wa katikati, basi ukuta unabeba paa, na kuutoa ni kazi ya bimu ya zege yenye nondo, siyo ya nyundo na kibarua wa siku moja. Nyumba za zamani nyingi nilizoingia hazina bimu ya kuzunguka kuta zote, zina lenta tu, yaani bimu fupi juu ya milango na madirisha. Ukitaka kugusa ukuta unaobeba, pita kwanza manispaa uulizie kibali.

Na hiyo kaunta moja ndefu, naomba uiache. Kaunta ya kusimama ukakata nyama inataka sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Meza ya kuandikia inataka 72 hadi 75. Mtoto akiandikia kwenye 90 mabega yanampanda, nusu saa tu ameshalalia mkono. Wateja wawili walisisitiza niwatengenezee hivyo, na wote wawili waliniita tena kuja kukata.

Kuhusu mbao, milango ya kabati tumia mringaringa au mgrivea iliyokauka vizuri, huku kwetu zinapatikana. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, weka kwenye rafu za vitabu ukipenda, lakini chini ya sinki usithubutu. Ikinywa maji inavimba, na skrubu za bawaba haziumi tena. Kabati za chini zote ziinue kwa tofali na vigae sentimita 10, kwa sababu nyumba zetu tunapiga deki kwa maji ya ndoo, na maji hayo ndiyo yanayoua kabati kuliko mvua.

Mama_wa_Pasua, Jumapili, saa 1:35 asubuhi

Mimi nilibomoa, mwaka wa nne sasa. Mwanga nilipata kweli, na mwanzoni nilifurahi sana.

Lakini dada, kwangu kitunguu kinakaangwa karibu kila jioni, na siku nyingine ni dagaa. Mafuta yanaruka, mvuke unapanda, unakwenda kutua kule kwenye meza. Nilikuja kugundua kwenye daftari la hisabati la binti yangu. Kurasa za juu zilikuwa laini, ukiziinua kwenye taa zinapitisha mwanga, na kalamu ikifika kwenye doa inateleza haiandiki. Niliumia sana siku ile, maana mwalimu wake alikuwa ameshalalamikia uchafu wa daftari na mimi nilikuwa nimemgombeza mtoto.

Bado hujaja kwenye sauti. Sufuria, redio, bomba, na jirani anayeingilia mlango wa nyuma, maana wageni wetu wa kweli wote wanaingilia nyuma. Sasa hivi binti anasomea kitandani. Meza niliyomtengenezea inakaa ndoo ya unga.

Sakina_Arusha, Jumapili, saa 3:20 asubuhi

Sisi tulichukua njia ya tatu, jiko likatoka nje. Kwa upande wa moshi wa mkaa nashukuru mpaka leo, macho ya wapishi yamepona. Ila huku kwetu ni mita 1,400 hivi juu ya bahari, Juni na Julai upepo unapita chini ya mlango na chai inapoa kabla hujaifikisha mezani. Moshi mko mita 800 na kitu, baridi haitawasumbua sana. Kwenu litakuwa joto la Februari, kama bati halina dari.

Kinachonitia wasiwasi ni mama. Mtu wa miaka 71 kutoka nje usiku kuchemsha maji siyo jambo dogo. Kwetu kulikuwa na ngazi mbili tu, na mvua ya Aprili mama mkwe akateleza nazo. Akakaa na bandeji ya mkono wiki sita. Ukichagua njia hii, sakafu ya kibaraza iwe usawa mmoja na ya ndani, na paa liungane na la nyumba, usiache upenyo wa mvua.

Nje ya mada kidogo, lakini ni mambo ya jikoni. Chini ya sinki acha nafasi ya chujio na bomba dogo la maji ya kunywa. Maji ya visima na chemchemi nyingi za upande wa Meru yana floraidi nyingi, ndiyo inayotia meno ukahawia, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua yenyewe inakolea zaidi. Sisi tunatumia chujio la mkaa wa mifupa. Kwenu pimisheni maji kwanza kabla ya kununua chochote.

Fundi_Umeme_Rau, Jumapili, saa 7:48 mchana

Njia yoyote utakayochukua, laini ya soketi za jikoni iwe na breka yake na ya chumba cha kusomea iwe na yake, waya wa milimita za mraba 2.5. Birika la wati 2,000 peke yake linavuta karibu ampea 9 kwenye volti 230. Ukiongeza blenda na pasi kwenye laini hiyo hiyo breka inashuka, na kompyuta ya mtoto inazima na kazi yake. Eksitensheni moja inayotoka jikoni kwenda mezani ndiyo nimeikuta imeyeyuka mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Halafu gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kwenye dirisha, inashuka na kutambaa sakafuni, na ikikuta chumba kimeungana na jiko inakwenda kukaa chini ya meza ya kusomea. Weka mtungi nje, kwenye kibanda cha wavu chenye kufuli, bomba lipite ukutani. Na tundu la hewa liwe chini ya ukuta wa jiko, usawa wa sakafu, siyo juu peke yake. Kwa sababu hiyo peke yake mimi njia ya kwanza siipendi.

Mchora_Ramani, Jumapili, saa 2:15 usiku

Shikamoo mwalimu. Mimi bado nasoma kazi hii, nitasema ninachokijua.

Jiko dogo siyo tatizo lenyewe. Mwaka 1926 mwanamke aitwaye Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko la nyumba za watu wa kawaida mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa mita 1.9 tu kwa 3.4, kila kitu kimepangwa mkono ufikie bila kutembea, na likajengwa kwenye nyumba zipatazo 10,000. Kwa vipimo halizidi lako. Lakini lililalamikiwa kwa jambo moja, lilikuwa la mtu mmoja. Wawili wakiingia wanagongana. Jiko lako lina watu wangapi saa 12 jioni? Hilo ndilo ningelihesabu kabla ya kabati.

Ushauri wangu: toa vyombo vyote, chukua chaki, chora sakafuni kaunta, friji, milango inavyofunguka, kiti kinavyovutwa nyuma, kwa vipimo halisi. Halafu pikeni humo siku mbili tatu.

Mwalimu_Njoro, Jumapili, saa 3:30 usiku

Marahaba mwanangu. Hili la chaki nalifanya. Kenchi nimeangalia na tochi, zimelala juu ya ule ukuta kweli.

Kijana_wa_Shanty, Jumatatu, saa 4:11 asubuhi

Bado natetea njia ya kwanza. Kwangu tupo wawili, tunapika kidogo, na feni ya kutolea hewa inafanya kazi yake. Chumba cha mita 1.55 ni korido, mtoto atajisikia amefungiwa.

Mama_wa_Pasua, Jumatatu, saa 6:02 mchana

Kwa watu wawili nakubali kabisa. Yeye wako wanne na bibi ndiye mpishi.

Mwalimu_Njoro, Jumamosi, saa 11:40 jioni

Wakuu, nimerudi. Tumepika kwenye chaki siku nne.

Jumatano tulijaribu kaunta mbili zinazotazamana. Sentimita 60 huku, 60 kule, katikati inabaki mita 1.2. Kwa mimi peke yangu ilikuwa raha. Jioni mama akaingia na mkungu wa ndizi mshare kwa ajili ya supu ya mtori, akakaa kwenye kigoda kama kawaida yake, beseni mbele, magoti yamefunguka. Njia ikaisha. Binti alikuwa anatoka na sufuria ya maji ya moto, akainyanyua juu ya kichwa cha bibi yake apite. Niliona sufuria ile ikipita na moyo ukanishuka. Nikafuta kaunta ya pili usiku ule ule.

Nikaona na jambo lingine ambalo miaka yote sikuwa nimeliangalia. Mama akimenya ndizi, utomvu unamdondoka vidoleni, na kila anaposhika panabaki alama nyeusi. Mimi nilikuwa nimeshachagua kaunta nyeupe. Nimeacha, natafuta terazo ya kijivu.

Stoo nayo tuliichora. Meza ya mita 2.4 kwenye ukuta wa mwisho, kina sentimita 60, inabaki 95 za kiti. Kijana na mimi tulikaa bega kwa bega, kila mmoja na mita yake na zaidi, hatukugusana. Shida ilikuwa mlango. Mlango wa sasa wa stoo unatokea jikoni, kwa hiyo kila anayekwenda kusoma anapita kwenye moto, na kila anayepika anaulizwa kitu. Tukaweka kiti mahali ambapo mlango mpya ungekuwa, upande wa korido, tukaanza kuingilia huko kwa kufikiria tu. Siku mbili nyumba ilibadilika. Kijana alisoma saa mbili mfululizo bila kuitwa.

Kijana_wa_Shanty, hofu yako ya korido niliichukulia kwa uzito. Stoo ina kidirisha cha matundu upande wa mlima. Nitakitoa niweke dirisha la mita 1.5, na kwa kuwa linatazama kaskazini jua la jioni haliingii moja kwa moja. Katikati ya mwaka jua liko upande huo, lakini la mchana linapita juu, ukingo wa paa utalizuia, na la jioni litagusa kwa pembeni tu.

Basi ukuta unabaki. Mlango wa stoo unazibwa, wa korido unatobolewa na lenta yake, na utafungukia koridoni ili usigonge kiti. Jiko linakuwa na kaunta ya mstari mmoja na kona fupi. Jiko la mkaa, la makande na maharage tu, linakwenda kibarazani, sakafu ikiwa usawa mmoja na ya ndani kama dada Sakina alivyosema. Mtungi unakaa nje kwenye kibanda.

Kilichobaki ni mahali pa mama. Seremala, unasemaje?

Seremala_Majengo, Jumamosi, saa 1:05 usiku

Umefanya vizuri sana. Mama mtoe kwenye kigoda, kwa umri wake kuinuka kutoka chini kunachosha magoti. Kwenye ile kona fupi nitatengeneza ubao wa kuvuta kama droo, reli nene, chini hakuna kabati, miguu inaingia. Akimaliza anausukuma ndani na njia inabaki wazi. Ubao nitafanya wa mringaringa mtupu, utomvu ukikolea tunapiga randa. Mkalishe kwenye kiti cha chakula, apinde mkono kama anamenya, unipimie kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko.

Mwalimu_Njoro, Jumamosi, saa 1:50 usiku

Sentimita 66. Amekubali kiti, lakini anauliza kama beseni lake litapata pa kukaa upande wa kulia, anasema kushoto hawezi.

Seremala_Majengo, Jumamosi, saa 1:58 usiku

Ubao utakaa kwenye 64. Mwambie mama shikamoo, na beseni litakuwa kulia. Nakuja Alhamisi saa tatu, na futi yangu ya kupimia.