Naomba ushauri: baba hatoi matunzo, ukoo wake wanamtaka mtoto

Habari zenu wanakikundi. Niko Busia, upande wa Uganda. Baba wa mwanangu wa miaka 9 yuko Kampala. Hupiga simu sikukuu tu, ada hatumi. Anayemlea ni kaka yangu, hadi kumpeleka kinyozi. Sasa babu yake mzaa baba anataka mtoto akakae kwao, eti ni wa ukoo wao. Ukoo ambao haujanunua hata daftari! Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) alimwita huyo baba, hakutokea. Sheria ya Watoto inamtaka mzazi atunze mwanawe. Je, nianzie kwa afisa ustawi wa jamii wilayani, au niende moja kwa moja Mahakama ya Familia na Watoto? Na likizo nimruhusu mtoto aende kwa babu yake?