Chuo, shamba darasa au kozi fupi: kipi kitalifaa zaidi shamba la mteremkoni Newala?

Wa Kitangari

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba mnisaidie kupima jambo ambalo familia yetu imelijadili tangu kuisha kwa msimu wa korosho bila kuafikiana.

Tuna shamba la ekari 6 lenye mikorosho 310, pale ambapo uwanda wa Makonde unaanza kuporomoka kuelekea bonde la Kitangari. Marehemu baba aliipanda kwa kukisia hatua, na sasa matawi yameshikana kiasi kwamba saa sita mchana jua halifiki chini. Kinachotunyima usingizi zaidi ni korongo. Mvua za misimu mitatu zimelichimba kuanzia kwenye njia ya miguu inayokatiza shamba, na wiki iliyopita nilipoingia ndani yake lilinifika kiunoni, huku mizizi ya mikorosho minne ikining'inia ukingoni.

Fedha tuliyobakiwa nayo baada ya malipo ya mwisho ya AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, inatosha jambo moja tu. Mama anataka mdogo wangu, aliyemaliza kidato cha nne, aende Chuo cha Kilimo Mtwara. Mimi naelekea kwenye kozi fupi ya kilimo hai katika kituo cha Sustainable Agriculture Tanzania kilichoko Vianzi, Morogoro. Afisa ugani wa kata naye anaanzisha shamba darasa msimu huu na ametuomba eneo ndani ya shamba letu. Hilo halina ada, ila linadai siku moja kila wiki pamoja na gharama za pembejeo. Mngekuwa nyinyi mngechagua lipi, na kwa sababu gani?

Afisa Ugani Mstaafu

Ndugu wa Kitangari, nimefanya kazi ya ugani katika wilaya tatu za mikoa hii miwili ya Lindi na Mtwara, na jibu langu la kwanza ni kwamba njia hizo tatu hazifundishi kitu kimoja, kwa hiyo ada peke yake haitoshi kuzilinganisha.

Chuo kinamwandaa mtu kwa taaluma. Mdogo wako atapitia ngazi ya 4, ya 5 na ya 6, kila ngazi mwaka mmoja, na mwishoni atakuwa na stashahada inayomruhusu kuajiriwa au kuendelea hadi Chuo Kikuu cha Sokoine. Katika miaka hiyo atasoma udongo, mbegu, magonjwa, mifugo na uchumi wa shamba, lakini korongo lenu halitamsubiri.

Shamba darasa linakwenda kinyume cha hapo, maana linaanza na shamba lililopo. Njia hii ilianzia kwenye mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wakati wakulima walipokuwa wakipuliza sumu hadi kuwamaliza wadudu waliowasaidia. Wakulima kati ya 25 na 30 hukutana mara moja kwa wiki msimu mzima. Hugawa eneo sehemu mbili, moja ikilimwa kama walivyozoea na nyingine kwa njia inayojaribiwa, kisha kila kikundi huchunguza mimea, huchora kwenye karatasi kubwa walichokiona na kukitetea mbele ya wenzao. Nimeshuhudia mama asiyejua kusoma akimrekebisha afisa kwa sababu alikuwa amehesabu maua mwenyewe kwa wiki sita.

Wazee wa Nachingwea wanaukumbuka mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Msitu ulifyekwa kwa matrekta na reli ikajengwa kutoka bandari ya Mtwara, wakati udongo na mvua ya mahali pale havijachunguzwa vya kutosha. Wataalamu walikuwapo wengi, na bado hasara ile ilitokea. Ndiyo maana ningeanza na shamba darasa.

Mhitimu wa Naliendele

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu sana, lakini naomba kutofautiana nawe, kwa kuwa nimepita katika njia zote mbili.

Kijijini kwetu shamba darasa lilianzishwa na mradi mmoja ambao sitautaja. Tulikutana vizuri mwaka wa kwanza, posho ya nauli ilipokatwa watu wakapungua, na mradi ulipoisha eneo lile likarudi kuwa kichaka. Hapakuwa na mtu wa kijiji aliyejua sababu za yale tuliyoelekezwa, hivyo hapakuwa na wa kuyaendeleza. Chuo kilinipa hizo sababu. Isitoshe, Naliendele kuna kituo cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ambacho ndicho chenye dhamana ya utafiti wa korosho, ufuta na karanga nchini. Mbegu ya ufuta ya Lindi 02 na za karanga kama Mangaka na Mnanje zimetoka hapo. Mwanafunzi anayejituma hupata nafasi ya kuona utafiti ukifanyika kwa macho yake.

Nitatoa mfano wa kubebesha, yaani kuunganisha kijiti cha mkorosho mzuri na mche mwingine. Kijijini nilionyeshwa kwamba unakata kikonyo, ndicho hicho kijiti, na kukipachika, basi, na miche yangu yote ikafa. Chuoni nilielewa kwamba kikonyo hutayarishwa kikiwa bado mtini: unachagua chipukizi nene kama penseli kwenye mkorosho uliothibitika kuzaa vizuri, unaondoa majani takriban wiki moja kabla na kuacha vishina vya majani tu, hadi ncha ivimbe. Ndipo unakikata, unakichonga kabari pande mbili, unapasua mche uliokatwa kichwa, unapachika ili maganda yakutane na kufunga kwa ukanda wa plastiki bila kuacha hewa. Miche iliyofuata ilishika, na leo naiuza.

Sifa za kujiunga ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo ya sayansi. Kama mdogo wako anazo, asikae nyumbani. Na ikiwa mtaamua kumpeleka chuo kingine chochote, hakikisheni kwanza kwamba kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi.

Bibi Shamba, Nyangao

Wanangu, nimesoma kwa makini. Mimi nilikwenda Vianzi kwa kozi fupi miaka michache iliyopita, kwa hiyo naweza kumsemea huyu anayetaka kwenda Morogoro.

Nilichokipata kule ni mazoea ya kutotupa kitu. Tulitengeneza mboji kwa mikono yetu, tabaka kwa tabaka, tukachomeka fimbo katikati na kuichomoa kila siku ili kupima joto kwa kiganja. Kabla ya hapo nilikuwa nafagia majani yote chini ya mikorosho na kuyachoma, nikijiona mama safi. Kumbe nilikuwa nachoma chakula cha udongo wetu wa kichanga, ambao wenyewe hauna akiba. Sasa majani nayalundika kuzunguka shina, nikiacha nafasi ya hatua moja ili mchwa wasipande, na katikati ya mistari nimeweka mbaazi.

Hata hivyo, nakuambia ukweli, mwanangu: mazingira ya Morogoro si ya kwetu, na mkorosho una mambo yake. Kuhusu ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga kwenye maua na machipukizi, nilirudi na maswali zaidi ya majibu. Ni wataalamu wa Naliendele walionieleza kwamba salfa ya unga inafukizwa kila baada ya siku 14 tangu machipukizi ya maua yanapoanza kujitokeza, na dawa za maji kila siku 21, na kwamba ukichelewa wiki mbili umeshapoteza maua ya mwanzo. Niongeze kwamba salfa yenyewe inakubalika katika kilimo hai kwa masharti, jambo ambalo wengi hawalijui.

Pia acheni kuwaua maji moto, wale sisimizi wanaojenga viota vya majani mitini. Tunawachukia kwa sababu wanatuuma wakati wa kuokota, lakini wadudu wanaofyonza machipukizi ya mkorosho ndio mawindo yao. Kwangu, mti wenye kiota chao hauna machipukizi meusi.

Mama wa Masasi

Mmevisahau vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975, na ambavyo Masasi na Newala vipo. Havidai ufaulu wa kidato cha nne, na masomo yake hulenga kazi za mikono pamoja na kilimo na ufugaji. Binti yangu aliacha shule kwa ujauzito, na chuo cha namna hiyo kilimpokea akiwa na mtoto mgongoni. Leo anafuga kuku na bustani yake inamtosha. Stashahada haipatikani pale. Kwa familia yenye kijana aliyefaulu ningesema aende chuo cha kilimo, lakini wanaosoma mjadala huu si wote wenye vyeti.

Mzawa wa Kilwa

Mjadala umeelemea kwenye zao, ilhali ndugu yetu ameuliza kuhusu ardhi pia. Huku kwetu mafunzo yaliyotubadilisha yalihusu msitu. Kupitia shirika la kuhifadhi mpingo, vijiji vya Kilwa vilijifunza kupima mipaka, kuhesabu miti katika vipande vya sampuli na kuandika mpango wa uvunaji, kwa kutumia haki iliyomo katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mwaka 2009 Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha usimamizi mzuri wa misitu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Tulifundishwa hata moto: kuchoma mapema mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto mkali wa mwezi wa tisa na wa kumi ukose cha kula.

Nauliza, juu ya korongo hilo kuna nini? Kama pana eneo la kijiji lililofyekwa, mafunzo ya mtu mmoja hayatatosha. Afadhali yawe ya kikundi, na serikali ya kijiji iwemo.

Wa Kitangari

Shikamoo bibi, shikamoo mama, na asanteni wote. Ndugu wa Kilwa umegusa penyewe: juu yetu pana uwanja wazi na njia ya watu, na maji yote yanashukia hapo. Mzee wangu mstaafu, je, katika shamba darasa tutajifunza jambo gani hasa la kuzuia maji haya? Mama anahofia kwamba tutatoa eneo, halafu tufundishwe kupanda mahindi kwa mstari.

Afisa Ugani Mstaafu

Marahaba. Hofu ya mama ina msingi, na dawa yake ni kuweka sharti kabla ya kutoa eneo: somo la kwanza liwe maji. Katika shamba darasa wanakikundi ndio wanaopanga mada, kwa hiyo mna haki hiyo.

Kifaa kikuu kinatengenezwa kwa nusu saa. Chukua fito mbili za urefu wa mita 2, zifunge kileleni, kisha zifunge na ufito wa tatu katikati ili zifanye herufi A. Ning'iniza jiwe kwa uzi kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama pale uzi unapogusa ufito wa katikati, geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Baada ya hapo unaizungusha mguu kwa mguu kukatiza mteremko, na kila uzi unapotulia kwenye alama unachomeka kijiti. Vijiti hivyo vitakuonyesha mstari wa kontua, yaani mstari wenye kimo kimoja kukatiza mteremko, nao utapinda mahali ambapo jicho lako lingekudanganya kwamba ni sawa. Kwenye mstari huo ndipo mnachimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, na juu ya tuta mnapanda vetiva (nyasi zenye mizizi mirefu), mchaichai au mananasi. Mananasi huzuia udongo na bado mtayala.

Anzeni juu, kwenye njia ya miguu, maana ukiziba korongo kutokea chini maji yatapita kando na kufungua jingine. Ndani ya korongo lenyewe mtaweka vizuizi vidogo vya miti na magunia ya mchanga, hatua kwa hatua.

Jambo la pili ni hesabu. Nafasi inayopendekezwa kwa mikorosho ni mita 12 kwa 12, yaani takriban miti 28 kwa ekari. Ekari zenu 6 zinafaa kuwa na miti kama 168, na nyinyi mna 310. Kivuli kizito huua nyasi zinazoshika udongo, na ukosefu wa hewa huleta ubwiriunga. Wekeni mikorosho ya sehemu moja ipunguzwe na kupogolewa, sehemu nyingine iachwe ilivyo, halafu mpime kilo za kila sehemu kwenye mizani ya AMCOS.

Ama kuhusu ndugu yetu mhitimu, amenikumbusha jambo ambalo nimelikosea mara nyingi kazini: kundi lisilo na mtu anayejua sababu hufa pamoja na mradi.

Wa Kitangari

Tumekaa jana usiku, mama akiwepo. Msimu huu tutatoa robo ekari kwa shamba darasa kwa sharti la maji kwanza, na mwenyekiti wa kitongoji amekubali kuja siku ya kupima njia. Mdogo wangu atakuwa mwanakikundi na ndiye atakayeandika daftari la vipimo. Fedha ya ada tunaiweka ili aombe chuo mwaka unaofuata, akiwa na maswali yake mkononi. Morogoro nimeiahirisha. Kupunguza miti mama bado hajakubali, kwa kuwa kila mti ameupanda na marehemu, na sitamharakisha. Tutaanza na ile minne iliyoning'inia.

Bibi Shamba, Nyangao

Mwanangu, kabla ya kuikata hiyo minne, tazama kama mmoja wao ni mzaaji mzuri. Kama upo, mwite ndugu yetu wa Naliendele akatayarishe vikonyo kwanza, ili mama aone mti wa mumewe ukiota upya mahali pa tambarare.