P0016 kwenye Toyota IST: nibadili sensa, nifungue cheni au ninunue injini nyingine?

Mkazi_wa_Njiro
Habarini wakuu. Natumia IST yenye injini ya 1NZ-FE, niko Arusha. Asubuhi, hasa kwa baridi hii ya Julai, nikiwasha inakwaruza upande wa mkanda kwa sekunde chache kisha inatulia. Kwenye mlima haina nguvu kama zamani. Taa ya injini imewaka, na mashine imesoma kodi ya hitilafu P0016. Fundi wa kwanza amesema ninunue sensa ya kamshafti (shafti inayofungua valvu). Wa pili anataka kufungua kava la mbele abadili cheni ya taimingi. Wa tatu ananiambia nifunge injini ya mtumba kutoka Japani niachane na kero. Gharama za njia hizi zimepishana mno. Nianzie wapi?

Umeme_wa_Magari
Dada, sensa usinunue kwanza. P0340 ndiyo inayolalamikia saketi ya sensa ya kamshafti, yaani ishara haifiki au inakatika. P0335 ni hivyo hivyo kwa sensa ya kranki (shafti inayozungushwa na pistoni). P0016 ni habari nyingine: ishara zote mbili zinafika, ila kompyuta imeona kamshafti na kranki hazikai kwenye pembe inayotakiwa.

Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Kwenye 1NZ-FE gurudumu la kranki lina meno 34 na pengo la meno mawili. Pengo hilo ndilo alama ambayo kompyuta inaitumia kujua kranki iko wapi. Cheni ya taimingi ndiyo inayoziunganisha; ikirefuka, kamshafti inachelewa, na sensa mpya itaripoti kuchelewa kulekule. Mlio wako wa asubuhi unaniambia jambo hilohilo. Tensheni, yaani kifaa cha kukaza cheni, inasukumwa na presha ya oili, kwa hiyo cheni iliyolegea hupigapiga mpaka presha ipande.

Dereva_Usa_River
Mkuu hapo juu yuko sahihi kwa P0016, lakini watu wasidhani sensa haziharibiki. Langu lilisoma P0335, likipata moto linazima, likipoa linawaka kama hakuna kilichotokea. Sensa za injini hii ni za sumaku, zenye waya mbili, kwa hiyo multimita ya kawaida inatosha. Ya kamshafti ikiwa baridi iwe kati ya omu 1,630 na 2,740. Ya kranki 985 hadi 1,600. Yangu ilipimika vizuri baridi, ilipopata moto ikawa haisomi chochote. Pimeni mara zote mbili, baridi na moto.

Kuhusu kununua: mpya ya bei poa niliyouziwa kwanza haikudumu. Nikatafuta mtumba orijino iliyotolewa kwenye injini ya Japani, nikaipima palepale dukani kabla ya kulipa. Kwa sensa, mtumba orijino naiamini kuliko mpya isiyojulikana imetoka wapi.

Majengo_Moshi
Kabla ya kufungua kava, kuna kipimo ambacho mafundi wengi wamekisahau: geji ya vakiumu, inayopima mvuto wa hewa wa injini. Unachomeka kwenye manifoldi ya hewa, injini ikiwa imepata moto na iko sele, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Vitabu vinasema inchi 17 hadi 21 za zebaki, lakini hiyo ni usawa wa bahari. Toa karibu inchi 1 kwa kila mita 300 za kupanda. Arusha iko kama mita 1,400, kwa hiyo injini isiyo na hitilafu hapo itasoma kati ya 12 na 16 hivi. Sisi Moshi tuko chini zaidi, tunasoma juu kidogo. Nimeona injini nzima ikihukumiwa Arusha kwa namba za Dar es Salaam, na inaniuma.

Sindano ikitulia lakini iko chini sana, shuku taimingi iliyochelewa. Ikichezacheza kwa mpigo, angalia valvu au plagi. Hapo umetofautisha bila kufungua boliti hata moja ya kava.

Oili_Kwanza
Mmesahau valvu ya oili ya VVT-i, mfumo wa Toyota unaobadili pembe ya kamshafti kwa presha ya oili. Ikikwama, kamshafti inabaki pembe isiyo yake na kodi inaweza kuwa hiyohiyo. Koili yake ni takriban omu 7. Injini ikiwa sele, chomoa soketi yake, ipe valvu yenyewe volti 12 kwa muda mfupi tu: injini inapaswa kutetemeka au kuzima. Isipobadilika, valvu au njia ya oili imeziba. Kuna kichujio kidogo cha wavu, kitoe ukioshe. Na mwaga oili, weka 5W-30. Hii ndiyo hatua ya bei ndogo kuliko zote na ndiyo ningeanza nayo.

Mkazi_wa_Njiro
Nashukuru sana wote. Wavu ulikuwa umejaa tope jeusi, tumeosha na kubadili oili. Valvu sasa inaitika vizuri, lakini P0016 imerudi na mlio wa asubuhi upo. Vakiumu: 10, sindano imetulia kabisa. Je, injini ya mtumba sasa ina maana?

Umeme_wa_Magari
Kwa 10 iliyotulia, hapa Arusha, baada ya valvu kuitika, fungua kava. Injini ya mtumba hujui ilibadilishiwa oili kila lini, na cheni yake inaweza kuwa imechoka kama yako. Ukiinunua utalazimika kuifungua mbele pia kabla ya kuifunga. Kama silenda zako zina kompresheni nzuri na hailambi oili, baki na uliyonayo.

Usibadili cheni peke yake. Chukua na tensheni, miongozo yote miwili na gia kama meno yameliwa. Fundi akishalinganisha alama, azungushe kranki kwa spana mizunguko miwili kamili, kisha alama zikaguliwe tena kabla kava halijarudi. Simama uone mwenyewe.

Majengo_Moshi
Na ukimaliza weka ile geji tena, utuandikie inasoma ngapi. Namba za Arusha baada ya cheni mpya zitatusaidia wengi huku.